Stagiaire Wawili wa Alunguli

"Dada, samaki wa leo njo nani?"

Simu ikakatika hapo hapo.

Jamila aliirudisha Tecno yake mfukoni, akaendelea kukaza skrubu ya bawa la droni kana kwamba aliyempigia ni mchuuzi wa sokoni. Moyoni alikuwa anacheka.

Samaki maana yake ni msaliti. Leo maana yake ni leo, si kesho. Na aliyeuliza alikuwa Papa Youssouf, mkuu wa idara ya usalama isiyo na kibao mlangoni, mzee asiyeuliza jambo mara mbili.

Alitaka jina.

Jamila alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu wiki ya kwanza, kabla hajapata hata chembe ya ushahidi.

Naomie.

Karakana ya kampuni ya Tai ilikuwa Alunguli, mtaa wa Kindu ulio mashariki ya mto Lualaba, kwenye uwanja mpana uliozungukwa na bustani za mihogo. Droni zake ziliruka kila siku kupeleka damu na chanjo Punia, Obokote na kwingine kote ambako barabara ilikwisha kufa. Lakini tangu vita vianze kusogea kutoka mashariki, mtu fulani ndani ya Tai alikuwa akiuza siri. Redio za adui zilinaswa zikitaja njia za droni kabla droni zenyewe hazijaondoka chini.

Ndipo idara ikampandikiza Jamila. Akaingia kama stagiaire, mwanafunzi wa chuo kikuu anayefanya mwaka wake wa mafunzo kazini.

Haikuwa kazi ngumu kuigiza. Jamila alikuwa mwanafunzi kweli. Alikuwa mwaka wa tatu wa informatika, masomo ya kompyuta, mjini Goma siku vita vilipoingia. Alitoka na begi moja, akapita Walikale, akapita Lubutu, mara kwa miguu, mara juu ya magunia ya lori, hadi Kindu. Diploma aliiacha huko, bado haijaandikwa jina lake.

Sasa alikuwa na kitambulisho cha uongo, miwani yenye kamera ndani ya fremu, na bastola aina ya Browning chini ya kiti cha pikipiki yake.

Na alikuwa na Naomie mbele ya macho yake, asubuhi hadi jioni.

Naomie alikuwa stagiaire wa kweli. Waliingia Tai siku moja, wakapewa meza zinazotazamana. Mama yake alimfungia sombe, mboga ya majani ya mihogo, na samaki kwenye bakuli la bati. Mwalimu wake alimpigia simu kumuuliza kazi inaendaje. Bila vita, hayo yote yangekuwa ya Jamila.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba msichana mwenyewe hakuwa na ubaya. Kila adhuhuri alisukuma bakuli lake katikati ya meza, akimwita Jamila yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, kula. Mama anatia nyingi juu yako."

Jamila alikula. Kila tonge lilimkwama.

Halafu Bruno. Injinia Bruno, aliyewasimamia wote wawili, mtu wa shati jeupe na sauti laini. Alipopita kati ya meza zile mbili alisimama kwa Naomie. "Bravo, Naomie. Wewe njo utaniachisha kazi hapa." Akamhamishia kiti karibu na chake. Akampa ufunguo wa chumba cha mitambo. Akamruhusu kuandika programu zake mwenyewe.

Kwa Jamila alisema, "Skrubu zile, umekaza?"

Jamila alijua saa anayocheka Naomie. Alijua marashi yake, na duka la mtaa wa Kasuku, ng'ambo ya mto, anakoyanunua. Alikuwa amemshonea kinasa-mwendo kidogo kama kifungo cha shati ndani ya mkanda wa begi. Kwenye taarifa zake aliyaita hayo upelelezi. Ulikuwa wivu, na alikuwa anajua.

Jumapili iliyopita mtu alinakili misimbo yote ya safari za Tai kwenye mashine kuu ya karakana. Jina lililobaki kwenye mashine lilikuwa moja.

Naomie.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Jumapili hiyo kinasa-mwendo kilimwonyesha Naomie kanisani Mikelenge, ng'ambo ya mto, tangu asubuhi hadi mchana. Wala Jamila hakuhitaji kinasa-mwendo. Alikuwa nje ya kanisa lile, juu ya pikipiki, akimsikiliza Naomie akiimba peke yake mbele ya kwaya. Alisikiliza hadi mwisho. Sauti ilikuwa nzuri, na ilimchoma.

Sehemu hiyo hakuiripoti.

Alijiambia kwamba siku hizi mtu anaweza kuiba kwa simu, hata akiwa anaimba. Alijua mashine ile haifunguki kwa simu. Akajiambia tena.

Akatoa Tecno, akaandika: *Samaki njo Naomie.*

Akatuma.

Watu wa Papa Youssouf hawakukawia. Land Cruiser isiyo na namba iliingia uwanjani, wakashuka wanaume wawili wenye miwani myeusi. Naomie alikuwa anafungua bakuli lake. Walimshika huku na huku. Bakuli likaanguka, sombe ikatapakaa sakafuni.

"Nimefanya nini? Mutoto wa nani nimemukosea? Yaya! Yaya Jamila, waambie!"

Jamila aliinamia skrubu.

Mlango wa gari ukafungwa, likaelekea kivukoni. Vumbi likapanda, likatua.

Alitarajia furaha. Ilikuja kweli, lakini ilikuwa na ladha ya bati mdomoni.

"Nilikuwa najua," sauti laini ikasema nyuma yake.

Bruno. Alisimama na mikono mfukoni, akitazama sakafu iliyochafuka.

"Yule mutoto alikuwa na haraka ya maisha. Nilimuamini bure. Na wewe, Jamila, siku zote nilikuwa nakuona. Unakaa kimya, unafanya kazi. Wewe njo stagiaire wa kweli hapa."

Jamila aligeuka.

Alikuwa ameyasubiri maneno hayo kwa miezi. Aliyasikia usingizini. Sasa yalimshukia kama maji ya baridi kichwani, na kwa kitambo hakuwa jasusi wala mkimbizi. Alikuwa mwanafunzi aliyesifiwa na mwalimu wake.

"Merci, chef," akamshukuru mkubwa wake.

"Kuja. Droni ya Punia inangoja. Mama Émilienne ametoka, ameenda kupokea wageni ku uwanja wa ndege. Tuko mimi na wewe tu."

Émilienne ndiye aliyekuwa mwenye kampuni. Na wageni hao Jamila aliwajua. Adhuhuri hiyo ndege kubwa ilikuwa ikileta majeruhi na familia zilizokimbia mapigano, na nusu ya mji ilikuwa imevuka kwenda kuwapokea. Ndiyo maana Papa Youssouf alitaka jina mapema.

Ukaguzi wa droni ulichukua karibu saa nzima. Kila safari ilihitaji nywila mbili, ya injinia na ya mtu mwingine. Bruno aliandika yake. Akamsogezea kompyuta, akamwekea kiti karibu na chake. Kiti kile kile.

"Andika ya kwako. Nilikuwa natumia ya Naomie, lakini sasa yeye njo amekwisha. Tangu leo nitatumia ya kwako."

Jamila akaandika. Vidole vilitangulia akili.

Bruno akatabasamu. "Bravo."

Neno hilo ndilo lililomwamsha.

*Nilikuwa natumia ya Naomie.*

Sifa, kiti, ufunguo. Vyote alivyomwonea wivu mwenzake vilikuwa mtego, na chambo ni maneno matamu. Bruno alimpamba msichana yule ili awe na jina la kujifichia. Jina hilo limekwisha kazi. Alihitaji lingine, na Jamila alikuwa amempa akiwa anatabasamu.

Akatazama nje ya dirisha. Droni ilikuwa tayari juu ya reli yake ya kurushia. Sanduku la chanjo hutoka kwenye barafu likitoa jasho. Hili lililofungwa tumboni mwa droni lilikuwa kavu. Kavu kabisa.

"Chef, hiyo colis, ile sanduku ya Punia, nani aliifunga?"

"Mimi mwenyewe."

Kidole cha Bruno kikabonyeza.

Reli ikapiga kelele. Droni ikaruka, ikapanda juu ya mihogo, ikang'aa juani. Punia iko kaskazini.

Polepole, kwa uzito wa mzigo, droni ikakata kona kuelekea magharibi.

Kuelekea mto. Kuelekea uwanja wa ndege.

Jamila alimpiga Bruno kiwiko cha koo kabla hajanyanyuka kitini. Bruno alianguka na kiti chake, lakini hakuwa mtu laini kama sauti yake. Alimvuta mguu, akamwangusha, akanyakua spana kubwa juu ya meza. Spana ilishuka. Jamila akajiviringisha. Sakafu ya saruji ikachubuka pale kichwa chake kilipokuwa.

Akachomoka mlangoni.

Pikipiki ilikuwa kivulini. Akainua kiti. Browning ikaja mkononi kama iliyokuwa ikimngoja.

Aliporudi, Bruno alikuwa ameinua spana juu ya kompyuta. Kompyuta ikivunjika, hakuna mkono duniani utakaoirudisha ile droni.

"Weka chini!"

"Umechelewa, mama."

Risasi moja.

Spana ikaruka hadi ukutani. Bruno akapiga magoti ameshika mkono wake unaovuja damu, macho yakiwa yamemtoka. Yule mkaza skrubu alikuwa amesimama mlangoni, na bastola haikutikisika.

Alimfunga mikono nyuma kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya. Akavuta kiti mbele ya kompyuta. Kwenye ramani, nukta nyekundu ilikuwa inakaribia ukingo wa mto.

Akabonyeza amri ya kurudi. Mashine ikakataa. Akabonyeza tena.

"Nimeifunga," Bruno alisema kwa maumivu. "Hairudi."

"Kuna watoto pale!"

"Kuna Émilienne pale. Hii droni ni yangu. Niliichora mimi, bawa kwa bawa. Akaandika jina lake juu. Leo yuko pale anapigwa picha na wakubwa. Unajua namna inauma, muntu kukaa ku kiti chako?"

Jamila alijua. Alijua sana, na hilo ndilo lililomtisha kuliko droni.

Akapiga simu.

"Papa. Nilikosea samaki. Njo Bruno. Droni iko angani na bomu, inakuja kwenu ku uwanja wa ndege. Toeni watu."

"Watu ni wengi. Ndege imekwisha kushuka. Hatuwezi."

"Basi mpe Naomie simu."

"Unasema?"

"Mpe simu, Papa! Yeye njo anajua hii mashine kuliko sisi wote."

Ikasikika minong'ono, kiti kikikwaruza sakafu, pumzi ya mtu aliyelia.

"Yaya? Yaya, wamenifunga. Waambie mimi si..."

"Sikiliza. Njo mimi niliwaambia wakufunge."

Upande wa pili pumzi ilikatika.

"Nilikuwa najua huna kosa. Siku ile ulikuwa unaimba, nilikuwa inje nasikia. Utanichukia baadaye. Sasa droni iko inapita mto na bomu, amri ya kurudi imefungwa, na mimi sina akili ya kuirudisha. Wewe unayo."

Nukta nyekundu ikagusa maji.

Kama Jamila ndiye angekuwa kwenye kile kiti, amefungwa, angeikata simu ile? Hakuwa na hakika.

"Programu yangu ya stage, ile ya mafunzo," Naomie akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, kisha ikakaza. "Njia ya mvua. Niliiandika juu ya droni zinazokutwa na upepo mubaya. Inazima moteri, inafungua parashuti, inashuka pale pale iko."

"Bruno hakuifunga?"

"Hajui iko ndani. Nilimupa asome, akasema bravo. Hakusoma."

Sakafuni, Bruno akainua kichwa.

"Andika MVUA. Itakuomba mot de passe, nywila. Si ile nilimupa Bruno, ni nyingine."

Dirisha dogo likafunguka kwenye kioo. Mstari mmoja mtupu, unapepesa.

"Nipe, Naomie."

Nywila ya kwanza ilimtia Naomie pingu. Sasa ya pili aliombwa na mtu aliyezileta pingu zenyewe.

"Sombe ya mama. Bila nafasi katikati. Yote herufi ndogo."

Jamila aliandika. Kioo kikageuka kijani. Kitufe kimoja.

"Bonyeza!" Naomie alipiga kelele.

Jamila hakubonyeza.

Kupitia dirishani aliiona droni kwa macho, juu ya mto. Chini yake mitumbwi ilikuwa inavuka, imejaa watu na mizigo, wanawake na beseni zao, pikipiki zimelazwa katikati. Parashuti ingeshusha lile sanduku vichwani mwao.

"Yaya, bonyeza, itapita!"

"Bado. Kuna watu chini."

"Itafika ng'ambo!"

"Bado."

Mtumbwi wa mwisho ulikuwa unajikokota. Mpiga kasia alikuwa mzee, au amechoka. Mbele ya droni kulibaki utepe wa maji matupu, kisha ukingo, kisha paa za nyumba.

Mtumbwi ukapita.

Jamila akabonyeza.

Mlio wa moteri ulizimika. Kitambaa cha chungwa kikachanua angani, na ile droni ikaning'inia chini yake, ikishuka polepole, upepo ukiisukuma kuelekea mkondoni. Ikagusa maji.

Lualaba ukainuka.

Mlipuko ulitikisa madirisha ya karakana. Nguzo ya maji ya udongo ilipanda juu kuliko minazi, ikasimama, ikaanguka. Mitumbwi iliyumba, watu wakapiga mayowe. Haukupinduka hata mmoja.

"Yaya? Yaya, nimesikia... Imefika?"

"Imekufa majini. Hakuna muntu ameumia."

Naomie akaanza kulia upya. Jamila akaweka simu mezani, bila kuikata.

Ndani ya sanduku la vifaa vya Bruno kitu kiliita. Alitoa spana na misumari, akakuta simu ya setilaiti, Thuraya. Akapokea bila kusema neno.

"Bruno? Kishindo hiki ni cha mtoni. Nasubiri cha uwanja wa ndege," ilisema sauti ya kiume, Kiswahili chenye lafudhi ya mbali.

"Hakuna cha pili," Jamila alijibu. "Na wewe kaa hapo hapo."

Akakata, akamsomea Papa Youssouf nambari ile.

"Tunayo," Papa alisema baada ya muda. "Iko hapa Kasuku, ndani ya hoteli. Vijana wametoka."

Kabla Land Cruiser haijarudi Alunguli, mgeni yule alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia la hoteli, pasipoti zake tatu zimetandazwa kitandani.

Émilienne alikuja na gari lilelile lililomrudisha Naomie. Kitenge chake cha sherehe kilikuwa na vumbi magotini, maana kishindo kilimfanya alale chini pamoja na wageni wake. Wafanyakazi walikuwa wamejaa uwanjani, na majirani, na wauza mihogo. Bruno alipitishwa katikati yao, mkono umefungwa kitambaa. Alimtazama Émilienne mara moja tu, akaingia garini.

"Droni ile uliichora wewe, Bruno," Émilienne alisema kwa sauti ya chini. "Ungesema tu."

Bruno akageuza uso upande wa pili wa gari.

Kisha Émilienne akamshika Naomie mabega, akamgeuza awatazame watu.

"Huyu njo alituokoa! Tangu leo si stagiaire tena. Akimaliza masomo, meza ya injinia ni ya kwake."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu akaanza kuimba.

Hakuna aliyemtaja Jamila. Ilikuwa lazima iwe hivyo. Jasusi anayepigiwa makofi hana kazi kesho yake. Alijua sheria hiyo, lakini haikumzuia kusimama ukutani na kusikiliza kila kofi.

Naomie alijitoa katikati ya watu, akamjia. Kwenye mikono yake alama za pingu zilikuwa bado nyekundu.

"Juu ya nini, yaya?"

Jamila angeweza kusema kazi. Angeweza kusema ushahidi.

"Wivu," alisema. "Hakuna kingine."

"Nilikuwa nakupa chakula changu."

"Ulikuwa unanipa."

Naomie alisugua alama za pingu.

"Umenifungisha, halafu ulingoja ule mutumbwi upite. Mimi sikuuona. Mimi ningebonyeza." Akafuta macho kwa kiganja. "Sijui nikushike kwa gani, ya kwanza au ya pili."

"Nishike kwa ya kwanza."

Naomie hakukubali wala kukataa. Walikuwa wanamwita, akaenda.

Simu ikatetemeka. Papa Youssouf.

"Kazi nzuri, mama. Katika ripoti nitaandika kwamba jina la kwanza lilikuwa mbinu ya kumtoa Bruno shimoni."

"Usiandike hivyo, Papa. Andika namna ilikuwa."

"Watakusimamisha."

"Wanisimamishe. Yule mutoto asibaki na doa ku jina."

Alikata simu, akavua kadi ya stagiaire shingoni, akaiacha juu ya meza yake, kando ya skrubu ambazo hazikukazwa. Browning akairudisha chini ya kiti, akavaa kofia, lakini hakuwasha pikipiki. Aliisukuma kwa mkono, taratibu, kwenye njia ya mchanga inayoteremka kwenye maegesho ya mitumbwi.

Nyuma yake makofi yalianza upya. Émilienne alikuwa anamkalisha Naomie kwenye kiti cha Bruno, watu wampige picha.

Wivu ukamchoma, pale pale pa siku zote.

Jamila hakugeuka. Alimwita mpiga kasia, akapakia pikipiki yake, akavuka.